Saa 24 za Guangzhou

Vidole gumba vyangu bado vinanuka ile dawa aliyonipulizia afisa uhamiaji wa Guangzhou. Mashine ya alama za vidole ilivikataa vyote, foleni nzima ikitazama. Nabonyeza, taa nyekundu. Nabonyeza zaidi, nyekundu. Mama wa watu akaninyooshea ishara nivipulizie pumzi, nami nikavipuliza kama mtoto aliyepewa uji wa moto. Kumbe kosa ni la ndege: unyevu wa hewa mle ndani huwa chini ya asilimia 20, ngozi inakauka, mistari inafifia. Nyuma yangu wakaguna kwa lugha nisizozijua, lakini guno halihitaji mkalimani.

Utaratibu wenyewe nimeusoma mpaka nimeupenda. China humruhusu karibu kila abiria atoke uwanjani bila viza kwa saa 24, mradi ana tiketi ya kuendelea nchi ya tatu. Umetoka Nairobi na unarudi Nairobi? Wewe hupiti, umekuja kutembea, katafute viza. Mimi nilikuwa naelekea Manila, halali tupu. Ila saa zinaanza kukatwa ndege inapofika, hata kama bado unapuliza vidole.

Sasa kuna wenzetu wa saa 240, yaani siku 10. Zao zinaanza kuhesabiwa saa sita usiku baada ya kuingia, kwa hiyo siku ya kufika wanakula bure. Nchi zao zimefika 55: Ulaya karibu yote, Marekani, Brazili, Qatar. Nimeikagua orodha juu mpaka chini, nchi ya Afrika haimo hata moja. Kila mgeni rasmi hutukumbusha urafiki wa TAZARA, na makontena ya Kariakoo yanajazwa mji huu huu, lakini kutuamini kwa siku 10, hapana.

Nikagongewa muhuri. WhatsApp ikagoma, ramani ya Google ikagoma, muuza maji akaigeuzageuza noti yangu akitaka nilipe kwa simu.

Xiaobei, mtaa wa Waafrika, Mbongo mmoja alinisikia nikinung'unika peke yangu.

"Kaka, umekuja kufungasha mzigo?"

"Napita tu. Nina saa 24."

Akacheka, akaangalia saa yake. "Basi wahi. Treni ya njia ya 3 jioni hii hupandi, unapandishwa."

Nilipandishwa. Begi lilifuata baadaye.