Mwongozo wa Kulitia Gari Toba

Kile chuma cha kuvutia tela kinachochomoza nyuma ya gari kina jina lake la Kiingereza, "tow bar", lakini fundi wa Makongolosi, mji wetu wa wachimba dhahabu, akilitamka haraka, bolti mbili zikiwa mdomoni, linatoka "toba". Siku ya kwanza nilitaka kumsahihisha. Ilipofika wiki ya tatu nikaona mwenye kuhitaji kusahihishwa nilikuwa mimi. Mwongozo huu utatumia neno lake.

Kwanza uwe na gari la juu lililoshuka melini kutoka Japani, rangi inang'aa, kilomita zake zinasomeka chache kuliko za bodaboda wa mtaani kwako. Gari la namna hiyo huja bila toba. Kule kwao tela likizidi kilo 750 dereva anadaiwa leseni ya pekee, na watu wengi hawana shida ya kuvuta kitu. Ila ukilala chini ukachungulia nyuma ya bampa utaona vitanzi viwili vidogo vya chuma, na fundi atavigonga kwa spana, akuambie, "Bosi, si unaona? Kiwanda kilishaacha nafasi." Vitanzi hivyo viliwekwa ili gari lifungwe lisitembee ndani ya meli. Usimwambie. Kitabu cha gari nacho kimeandikwa Kijapani, na ukurasa usiousoma hauwezi kukukataza.

Pili uwe na sababu. Mijini toba huwekwa kama hereni: mwenye gari hajawahi kuvuta hata toroli, anachotaka ni kile kirungu cha kromu cha kushikia tela kimpige mtu muundi akipita nyuma ya gari sokoni. Makongolosi hatujafika huko. Hapa kila mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, ana kitu kizito cha kusogeza: kompresa ya mashine ya kutoboa mwamba, jenereta, tenki la maji la kupeleka mwaloni, panapooshwa dhahabu, kiangazi kikikaza. Dhahabu ya Lupa, machimbo yetu haya, ilianza kukimbiliwa miaka ya 1920, na tangu wakati huo kujua ilipo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukifikisha chuma pale ilipo, na kukirudisha kabla mwenye nacho hajaongeza siku za kodi.

Mimi nilitaka kuacha kukodi Canter ya kuvuta kompresa. Nilipiga hesabu kwenye kikaratasi cha sigara, na kikaratasi kikaniambia toba itajilipa kwa safari sita.

Sasa mwambie fundi unataka "kama ya kiwandani". Maneno haya matatu yasemwe taratibu, kwa kuwa kila mtu huyasikia kivyake. Kwako yana maana ya usalama. Fundi anaelewa kwamba hutaki kuona alama za kuchomelea. Atafungua bampa kwa upole wa mkunga, ataikata tundu moja dogo kwa grinda, ataipiga rangi nyeusi, na akimaliza utasimama nyuma ya gari huku umekunja mikono. Kirungu peke yake kinachungulia. Majirani watauliza umenunua gari jingine.

Ya kiwandani yenyewe haina uhusiano na kinachoonekana. Ni boriti inayopita nyuma ya bampa kutoka ubavu hadi ubavu, na kutoka kwenye boriti hiyo mikono miwili inaingia ndani sambamba na mbavu za gari, ikishikwa kwa bolti kadhaa kwenye matundu yaliyotobolewa kiwandani. Prado au Surf ina chasisi ya ngazi, yaani kuna chuma cha kweli cha kushika. Harrier, RAV4 na X-Trail hazina ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na sakafu ya buti ni bati lililokunjwa kwa akili nyingi lakini bado ni bati. Toba ya magari hayo inataka mikono mirefu ili mzigo usambae. Nalo langu lilikuwa la kundi hili la pili.

Fundi wangu alitazama, akapima kwa kiganja, akasema, "Mzee, hapa ni bamba moja tu, tunachoma."

Nisimcheke. Mafundi wa Makongolosi wanaunda makarasha yanayosaga mawe usiku na mchana, chuma kinapigana na mwamba na chuma kinashinda. Mtu ambaye mshono wake umevumilia karasha kwa miaka ana haki ya kuuamini. Tatizo ni kwamba karasha ni bamba nene kwa bamba nene. Ukichomelea bamba nene kwenye bati jembamba, mshono hautaachia kamwe. Kitakachoachia ni gari.

Bolti ziwe chache, kwa kuwa zinakula muda. Zile zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani zinaonyesha uimara wake, na kwa sababu hiyo ni ghali. Chukua zile za manjano zisizo na namba, zinang'aa vizuri zaidi. Ajabu ni kwamba ushauri huu unakubalika katika mji ambao mtoto wa darasa la pili hawezi kudanganywa kwa jiwe linalong'aa bure.

Kwenye umeme nitapita haraka, kama fundi alivyopita. Soketi ya tela ina pini saba, na waya zake zina rangi za kawaida: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, nyeupe ni ya kurudi kwenye bodi. Ukiipuuza hiyo nyeupe, umeme utajitafutia njia yake ya kurudi nyumbani, na safari hizo ni za kuvutia. Mimi nilipokanyaga breki, indiketa zote mbili za tela ziliwaka kwa mwanga hafifu, kama mtu anayekonyeza akiwa na usingizi. Trafiki aliyenisimamisha alishindwa aandike kosa gani.

Kisha pakia. Kompresa ndogo ya kuvutwa, ile ya futi za ujazo 185 za hewa kwa dakika, inakaribia tani moja. Kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, magari mengi ya ukubwa huu yanaruhusiwa kilo 750, kwa hiyo umeshavuka, lakini barabarani hakuna mizani ya kukupima, mizani ni sakafu ya buti. Mzigo wa tela upange vyovyote. Wenye kufuata kanuni huacha sehemu kama moja ya kumi ya uzito ikae juu ya kirungu. Ukilundika mapipa na mabomba nyuma ya ekseli, pua ya tela inanyanyuka, na ukishika mwendo linaanza kuyumba, linalitikisa gari kama mkia unaomtikisa mbwa.

Zamani hatukulijua jambo hili. Kwenye vumbi na mashimo hakuna aliyefika mwendo wa kuyumbisha tela. Sasa kuna lami kilomita 39 kutoka Chunya hadi Makongolosi, na nyingine 72 kutoka Mbeya hadi Chunya, pamoja na mlima wa Kawetere ambao ukipandwa na otomatiki inayovuta tani moja mgongoni, oili ya gia boksi inanukia kama kitumbua kilichosahauliwa kikaangoni. Lami imetuletea ajali mpya, na sisi tumeikaribisha kwa mikono miwili, mkono wa tatu ukiwa kwenye simu.

Yangu haikutokea kwenye lami. Ilikuwa njia ya vumbi ya kuingia machimboni, kakilima kadogo ambako bodaboda hupanda na magunia mawili. Niliingiza gia, nikakanyaga mafuta, gari likawa zito, likagoma, halafu ghafla likawa jepesi na kupaa. Nikaisifu injini. Nilienda hatua kama hamsini nikiisifu. Nilipotazama kwenye kioo, kompresa ilikuwa imebaki chini, imetulia, na mbele yake imeshikilia toba, bampa yenye tundu zuri lililopakwa rangi nyeusi, na kipande cha sakafu ya buti chenye zulia lake. Mshono wa fundi ulikuwa mzima. Haukuwa na hata ufa.

Mtauliza mnyororo wa usalama, ule wa kulishika tela toba ikiachia, ulikuwa wapi. Ulikuwepo. Ulikuwa umechomelewa kwenye toba.

Vijana waliokuja kusaidia walitaka kunifunga kamba kwenye kirungu cha gari jingine wanivute mimi na kompresa pamoja. Hapo niache utani kidogo. Kirungu kimetengenezwa kubeba tela linalokwenda taratibu nyuma yako, hakikutengenezwa kwa kamba inayolivuta kwa ghafla gari lililozama. Shingo yake ikikatika, kilichobaki ni risasi ya chuma yenye ukubwa wa yai la bata, na inaelekea pale kamba inapoelekea, yaani kwenye kioo cha mtu. Masika yakija, utaona wenye magari ya toba wanaitwa kila tope. Nenda, lakini fungia kwenye chasisi, na watazamaji wasogee. Hawatasogea; Makongolosi gari lililozama ni sinema. Wasogeze.

Basi nilishuka Mbeya, nikazunguka kwa wauza vyuma vya magari yaliyokatwa hadi nikapata boriti ya gari la aina yangu, yenye mikono yake mirefu na kutu ya heshima. Fundi yuleyule aliifunga. Safari hii alikaza kwa spana ya kupimia nguvu aliyoazima, alitandika mabamba ya ndani kusambaza mzigo, akashona sakafu upya, na mnyororo akaupeleka mwilini mwa gari. Hakusema neno kuhusu kazi ya kwanza. Mimi pia sikusema. Bampa iliyokatwa tuliirudisha, na sasa tundu ni kubwa kuliko kirungu, halipendezi hata kidogo.

Hatua ya mwisho haimo katika kitabu chochote, hata cha Kijapani. Ukishakuwa na toba inayovuta kweli, wewe si mwenye gari tena, ni mali ya kata. Watakuja wenye jenereta ya harusi, wenye tenki la maji ya msibani, mwenye karasha lililofia njiani, na mzee Mnyakyusa wa nyumba ya tatu ambaye mafuta yako atayalipa kwa "ndaga fijo" na kicheko kizuri sana. Kwa ajili ya hao andaa sentensi moja mapema, uifanyie mazoezi mbele ya kioo: funguo kaondoka nazo mama watoto, yuko Mbeya, atarudi kesho kutwa.

Juzi alfajiri mlango uligongwa. Nikaitoa sentensi yangu yote, bila kukwama.

"Aa, haina shida, jirani," akasema. "Yeye ndiye aliyenielekeza nije. Yupo hapo kisimani, kasema funguo ziko kwenye mfuko wa koti ulilovaa."