Debiti kwa Mara ya Pili
Kijana wa Nachingwea akimaliza stashahada ya biashara, miaka miwili ya mizania na leja, hudhani kaiva. Asubiri kwanza. Chuo kikuu kinataka GPA isiyopungua 3.0, na hiyo ni ya kupigia hodi tu; pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenye 3.0 zao wanaoitamani shahada ya biashara ni wengi kuliko viti. Inatakiwa pia AVN, namba ya uhakiki ya NACTVET, kuthibitisha kwamba stashahada aliyoisotea ni stashahada kweli. Halafu chuo kitarudi hadi kidato cha nne, kikaifukue ile D ya jiografia aliyodhani wameshaachana. Akipenya, hongera: mara nyingi anaanzia mwaka wa kwanza, kufundishwa debiti ni nini.

Wakati huo mjomba wake, asiyejua AVN inaliwaje, yuko kwenye mnada wa korosho wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Bei za wanunuzi zinasomwa. Yeye anakata kichwani tozo ya ghala, ya ushirika, ya usafirishaji, na anajua kitakachobaki kabla karani hajafungua kompyuta. Bei ikimchefua, anakataa pamoja na wenzake, wanarudi nyumbani.

Wala wasomi si wageni hapa Nachingwea. Waingereza walituletea wasomi wao, na mpango wa karanga, na reli kutoka Mtwara ya kubebea mavuno. Kufikia 1951, pamoja na mashamba ya Kongwa na Urambo, paundi milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Vyeti vyao, nasikia, vilikuwa safi.