Nadhifu, Mtulivu, Pointi Mbili

Leicester, Jumanne 3 Juni 2025

Bahasha ya kahawia imeingia mlangoni. Hapa Uingereza nyeupe ni za benki na daktari wa meno. Ya kahawia ni ya serikali. Nimeipita mara kadhaa nikienda jikoni. Jioni mke wangu ameiokota akaiweka juu ya friji, kwenye mambo yanayosubiri.

Ndani kuna fomu ya PIP. Hii ni posho ya mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, awe ana kazi au hana, awe na akiba au hana. Ilianza 2013 kuchukua nafasi ya posho ya zamani. Daktari ndiye aliyenishauri niiombe, baada ya sonona kunishusha kwenye basi nililokuwa naliendesha. Fomu irudi ndani ya mwezi mmoja. Ugonjwa wangu mmojawapo ni kushindwa kufungua barua, na njia ya kuuthibitisha ni barua.

Jumatano 4 Juni

Nimeifungua. Sonona yenyewe haina pointi. Pointi ziko kwenye shughuli: kupika, kula, kunywa dawa, kuoga, kuvaa, kusoma, kukaa na watu, kupanga fedha, kwenda mahali, na nyinginezo. Shughuli zote pamoja ni 12. Kumi za maisha ya nyumbani na mbili za kutembea na kusafiri. Kwa viwango vya mwaka huu wa 2025, ukifikisha pointi 8 za nyumbani unalipwa pauni 73.90 kwa wiki, ukifikisha 12 unalipwa 110.40.

Swali la kupika linataka kujua kama naweza kuandaa chakula rahisi cha mtu mmoja kwa vitu vibichi. Sijawahi kukiona chakula cha mtu mmoja. Kwetu Tanga mtu akijipikia peke yake, majirani watakuja kuuliza kuna ugomvi gani.

Usiku tumemhesabu mke wangu. Kunihimiza nile: pointi 4. Kunihimiza nioge: 2. Kunihimiza nivae: 2. Kunikumbusha dawa: 1. Jumla ana pointi 9. Amefurahi, kisha akauliza yeye atalipwa lini. Nimemweleza kwamba mimi nikipewa, na yeye akiwa ananihudumia saa 35 kwa wiki, kuna posho ya mlezi anayoweza kuiomba. Ameuliza kama kulala karibu nami nako kunahesabiwa.

Ijumaa 6 Juni

Idi, kwa sisi wa msikiti unaofuata Makka. Wa mtaa wa pili wanasherehekea kesho.

Sikwenda kuswali. Nilivaa kanzu, nikafika mlangoni, nikarudi. Nyumba imejaa wageni tangu saa nne. Nimekaa chumbani na fomu, ukurasa wa kukaa na watu, nikiwasikia watu chini. Mke wangu amewaambia nina mafua. Mpaka alasiri mafua yangu yalikuwa yameletewa tangawizi, asali, na chupa ya mafuta ya habasoda kutoka kwa mama mmoja wa Brava. Hakuna aliyeniletea kitu kwa ajili ya sonona mwaka wote huu. Siwalaumu, hawajaambiwa.

Jumapili 15 Juni

Mjomba amepiga WhatsApp kutoka Tanga. Amesikia, sijui kwa nani, kwamba Wazungu wananilipa kwa kuwa na huzuni. Nimemwambia bado hawajalipa. Akasema basi wamegundua. Kwa maoni yake huu si ugonjwa, ni baridi, na dawa yake ni kisomo na kurudi nyumbani. Halafu akauliza kama huzuni ikipita, fedha zinarudishwa.

Jumatatu 30 Juni

Nimekwenda na mke wangu kwa mshauri, mama wa makamo anayesaidia watu kujaza fomu katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Amesoma majibu yangu akachukua kalamu nyekundu. Kila nilipoandika "wakati mwingine", amepiga mstari. Wakati mwingine, amesema, si kitu. Wanahesabu siku: jambo likikushinda katika siku zaidi ya nusu, linaingia. Na kuliweza maana yake ulifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, uweze kulirudia kila linapohitajika, na usitumie muda mrefu kupita kiasi. Kuoga mara moja kwa wiki baada ya mke kusimama mlangoni na taulo kwa nusu saa si kuoga.

Kwenye safari nilikuwa nimeandika "miguu mizima". Hapo ameiweka kalamu chini. Machi 2017 serikali ilibadili kanuni ili anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya dhiki ya akili asipate pointi za juu kabisa. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema huo ni ubaguzi. Januari 2018 serikali ikaacha kukata rufaa, ikalazimika kupitia upya mafaili kama milioni 1.6. "Watu waliokwenda mahakamani hawakwenda ili wewe uandike miguu mizima," amesema. Tumeandika upya. Nikaiposti mwenyewe, mke wangu akiwa kanishika mkono mwingine.

Alhamisi 28 Agosti

Saa tatu asubuhi simu imeita, namba imefichwa. Sipokei namba nisizozijua. Nimelieleza hilo katika fomu, ukurasa mzima. Imeita tena, ikanyamaza. Alikuwa mpimaji wa PIP, alitaka kunihoji kwa simu. Barua ya kunijulisha siku na saa imefika mchana.

Ukikosa mahojiano bila sababu ya msingi, ombi linafutwa. Kwa hiyo mke wangu amepiga kueleza kwamba mumewe hapokei simu. Amewekewa vinanda mpaka wali ukaungua. Hatimaye akapokea kijana mwenye sauti nzuri, akasema hawezi kuzungumzia jambo hilo bila mume mwenyewe kuja kwenye simu kutoa idhini. Nikashika simu, nikathibitisha kwamba sipokei simu. Kijana amenishukuru kwa kupiga.

Alhamisi 18 Septemba

Siku ya kupimwa, safari hii ana kwa ana. Mke wangu amepangiwa zamu kazini, hivyo jana usiku alipiga pasi shati jeupe akalifukiza udi. Mshauri alikuwa ametuonya: nenda kama ulivyo. Mke wangu akasema mume wake haendi ofisi ya watu kama aliyetoka kitandani, hata kama ametoka kitandani. Alininyoa ndevu mwenyewe kabla ya kuondoka.

Shemeji ndiye aliyenipeleka, na ndiye aliyekuwa aingie nami ndani. Maegesho hayakuwepo. Amezunguka jengo, akasimama penye mistari ya njano, akaniambia tangulia. Alibaki akibishana na askari wa maegesho mpaka nilipotoka.

Mpimaji ni muuguzi, binti mpole, kompyuta mbele yake. Ameuliza hali yangu. Nimejibu nzuri, namshukuru Mungu, na yeye je? Akaandika. Nimelelewa hivyo, kwetu hata mgonjwa mahututi huanza na salamu njema kabla ya kusema kinachomuua. Hapa salamu imekuwa ushahidi.

Ameuliza kama nimewahi kutaka kujidhuru. Nimenyamaza nikitafuta pa kuanzia. Kabla sijapapata ameuliza kama nafuga mnyama. Nikasema kuna paka. Anakula? Anakula. Akaandika, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe. Paka ni wa binti yangu, ndiye anayemlisha, lakini swali lilikuwa kama anakula.

Kisha 100 utoe 7, na uendelee. 93, 86, 79, 72, 65. Angeniacha ningefika 2. Mwalimu wetu wa hesabu darasa la nne, Mungu amrehemu, alifundisha kutoa kwa fimbo ya mpera, na maarifa yaliyoingia kwa njia ile hayatolewi na sonona. Akanitaka nitaje herufi za neno moja la Kiingereza kuanzia mwisho. Nikazitaja. Alionekana kufurahi kwa ajili yangu.

Muda wote huo nilikuwa nahesabu tasbihi ndani ya mfuko wa koti, na macho nimeyakaza kwenye saa ya ukutani juu ya kichwa chake, kwa sababu nisingefanya hivyo ningetoka mbio. Ameniambia nimejitahidi sana. Nyumbani nimelala na viatu.

Jumanne 21 Oktoba

Bahasha ya kahawia. Binti yangu ameifungua. Pointi 2. Hakuna malipo.

Jumatatu 3 Novemba

Mshauri aliniagizia nakala ya ripoti, imefika. Ni kazi safi, haina kosa la tahajia. Nimevaa nadhifu, nimenyolewa vizuri, mwili msafi: kuoga, sifuri, kuvaa, sifuri. Nilimtazama mpimaji machoni kwa utulivu: kukaa na watu, sifuri. Mikono ilitulia mfukoni, sikutetemeka wala kutokwa jasho. Kumbukumbu na umakini, vizuri sana. Ninatunza paka. Nilifika mwenyewe. Nilikuwa dereva wa basi, kwa hiyo najua njia: safari, sifuri.

Pointi mbili ni za kupika. Nilipouliza chakula cha mtu mmoja kinakuwaje, ameandika kwamba nahitaji kuhimizwa.

Mke wangu ameisoma mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ile sehemu ya shati. Hakusema neno. Baadaye nimemsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba hata serikali imeandika jinsi anavyonitunza, ikamnyima pointi zote tisa.

Tumeandika kuomba waangalie upya. Hii ni lazima kabla ya rufaa. Mwanzo wa barua nilikuwa nimeweka "natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya". Mshauri ameikata.

Alhamisi 18 Desemba

Wameangalia upya. Wameona vilevile. Sasa shauri linakwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo si la wizara inayoshughulikia PIP: hakimu, daktari, na mtu wa tatu anayeujua ulemavu. Mshauri anasema kesi za PIP zinazofika kusikilizwa, zaidi ya nusu mwombaji hushinda. Maana yake ni kwamba kosa hufanyika mwanzoni, kisha hugharimiwa hakimu wa kulirekebisha. Mjomba ameuliza kama hakimu naye ni wa huzuni.

Safari hii shemeji ataliacha gari nyumbani. Mke wangu ameomba ruhusa kazini mapema, kwa barua, bila hata kujua tarehe. Shati jeupe amelifungia kabatini na ufunguo anao yeye.

Na wewe uliyeko Leicester, London au Cardiff, bahasha yako iko juu ya friji: fungua leo, au mpe mtu akufungulie. Andika siku zako nyingi zilivyo, si siku unayopokea wageni. Ingia na mtu chumbani, aseme yale utakayoyafunika kwa adabu. Ukitaka mahojiano yarekodiwe, omba kabla ya siku yenyewe. Ripoti ya mpimaji iagize. Nakala ni bure. Na ukinyimwa, mwezi mmoja wa kuomba waangalie upya unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyopata moyo wa kuifungua.