Mwongozo kwa Mgeni Anayetaka Kulima Kilosa

Umepata eka mbili upande wa Mikumi, mahindi yamebeba, na asubuhi moja unakuta mabua matupu. Usipige yowe. Inama kwanza uangalie ardhi.

Ukiona alama za kwato za ng'ombe, una bahati: nyuma yako yupo Mfalme Henry II wa Uingereza. Karne ya 12 aliwatuma majaji wake wazunguke nchi nzima, na hukumu zao, moja ikifuata nyingine, zikazaa sheria moja kwa wote. Humo ikakomaa kanuni kwamba ng'ombe akila shamba la mtu, mwenye ng'ombe analipa, awe amezembea au hakuzembea. Sheria hiyo ya kawaida ya Waingereza ililetwa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na tarehe hiyo ingali katika Sura ya 358 ya sheria zetu, kwa sharti kwamba iendane na hali ya hapa. Kwao, kanuni ya ng'ombe waliiondoa 1971 wakatunga nyingine. Nguo ya mtumba, lakini inasitiri.

Ila sehemu moja usiivae. Mwingereza wa kale aliruhusiwa kumshika ng'ombe mharibifu hadi alipwe. Hapa Kilosa, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ng'ombe mwache aende. Muite mtendaji wa kijiji, muite na bwana shamba aje kutathmini.

Ukiona nyayo za tembo, msahau Henry. Tembo hana mwenyewe wa kumburuza barazani. Wanyamapori ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Utajaza fomu ya kifuta jasho, yaani pole ya mazao yaliyoliwa. (Kifuta machozi ni cha aliyejeruhiwa au kufiwa, ukichanganya utarudishwa nyumbani.) Fidia hata usiitaje. Kanuni za kifuta jasho za 2011 ziliishia eka 5, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupewa kitu. Kwa hiyo pima hatua kabla ya kupanda, si baada ya kuliwa.

Na wakipita wote usiku mmoja, ng'ombe saa tatu, tembo saa nane, wingu nalo limetanda? Kaazime turubai kwa jirani. Funika kwato.