Hata Kodi Imenikataa

Kijiweni walinitisha, jamani. Eti wewe muokota skrepa umejiajiri, una TIN? Watakamata guta! Guta lenyewe la kukodi. Nikaoga, nikavaa shati la harusi, huyo ofisi ya kodi. Mke wangu akang'ang'ania kunisindikiza. Na hapo ndipo roho ilipoanza kunidunda, maana siku zote namwambia hela yote inaishia kwenye kodi.

Dada wa kaunta akauliza, "Mzee, mauzo yako kwa mwaka?"

Mauzo? Mimi nilijiandaa kuulizwa faida, nilie vizuri. Kumbe anataka mauzo yote, kabla hujalipia guta, kabla hujanywa chai, kabla mwenye mzani hajakukata kilo zake za kutu.

"Kumbukumbu unazo?"

Ninazo bwana. Nikatoa daftari. La mtoto wa darasa la tatu. Ukurasa huu "alumini kilo nne", ukurasa wa pili kuku mwenye miguu mitatu. Dada akamtazama yule kuku weee. Halafu akanieleza: mfanyabiashara mdogo akivuka mauzo ya milioni 4 ila hajapita 7, kama hana kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka. Akiwa nazo, asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yaani ukiuza milioni 5 na hesabu zimenyooka, 30,000 basi. Kuku yule alikuwa anataka kunila 70,000!

Jasho likanitoka hadi kwenye kola. Dada akabonyeza kikokotoo. Akarudia. Akashusha sauti, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonimaliza.

"Baba, wewe hiyo milioni 4 huifikii. Hudaiwi kitu."

Mwingine angeshangilia. Mimi nikamwomba ahesabu tena. Nikamkumbusha lile betri bovu la lori la mwezi wa Ramadhani. Akaliongeza, maskini, kwa huruma tu. Wapi! Nikaongeza mlango wa friji ambao hata sijauuza. Foleni nyuma yangu ikaanza kucheka.

Mke wangu kimya. Akaniangalia kuanzia kola mpaka ndala.

Sasa nyumbani hakulaliki. Serikali haichukui, basi anachukua nani? Nimemsingizia mwenye mzani. Mke wangu anataka namba yake ya simu.