Chembe Sita Zinazogoma Kutua: Nani Mkaidi Kuliko Wote?

Kilicho kizito kuliko maji au hewa mwisho wake ni chini. Ubishi uko kwenye muda. Mwaka 1851 George Stokes alionyesha kanuni yake: punguza upana wa chembe mara kumi, na mwendo wake wa kuzama unapungua mara mia. Basi tumezipanga kwa ukaidi, kutoka mtiifu hadi mbishi sugu. Ukipinga, njoo na hoja.

6. Dhahabu
Mchimbaji mdogo wa Geita hazungushi karai kwa mbwembwe. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, mchanga mara 2.65 tu. Maji yanausomba mchanga, dhahabu inabaki chini. Tajiri, lakini mtiifu.

5. Kahawa chungu ya barazani
Unga ukilowa, unashuka wenyewe. Mgeni anakunywa hadi tone la mwisho, anatafuna mashapo. Mwenyeji anaacha kidogo kikombeni. Hukumu: mpole, ila usimkoroge.

4. Tope la Mto Sabaki
Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba huo, umesafiri bure. Chembe zilizogoma kutua mtoni zinakutana na chumvi, zinashikana, zinakuwa nzito na kuzama. Huko chini yapo matumbawe yanayohitaji jua. Mkaidi wa mtoni, mnyonge wa baharini, na hasara wanapata wavuvi.

3. Vumbi la Sahara
Linanyanyuka kwenye bonde la Bodélé, Chad, ambako zamani palikuwa na ziwa, na kuvuka Atlantiki. Kwa hesabu ya NASA ya mwaka 2015, takriban tani milioni 27 hutua kwenye msitu wa Amazon kila mwaka, zikiwa na fosforasi ambayo miti inaihitaji. Jangwa linarutubisha msitu! Mvua ndiyo inayolishusha vumbi hilo.

2. Ukungu wa Pinatubo
Juni 1991 volkano hii ya Ufilipino ilirusha gesi ya salfa juu kuliko mawingu ya mvua. Ikageuka matone madogo mno, na kwa kuwa huko hakuna mvua ya kuyaosha, yakaelea kwa takriban miaka miwili na kupunguza joto la dunia kwa karibu nusu digrii. Najua wengi mtadai hii ndiyo namba moja. Subirini.

1. Udongo wa mfinyanzi
Chukua chupa, tia udongo wa shambani hadi theluthi, jaza maji, tikisa, weka mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika chache. Tope laini linafuata baada ya saa kadhaa. Juu yake maji yanabaki na ukungu wa kahawia, ambao ndio mfinyanzi wenyewe, leo, kesho, keshokutwa. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita huchukua karibu siku 13 kushuka mita moja, tena maji yakiwa yametulia tuli. Zilizo ndogo zaidi zinasukumwa huku na huko na molekuli za maji, na kwa kuwa zote zina chaji hasi, zinakimbiana badala ya kushikana.

Vumbi la Sahara lilihitaji upepo. Pinatubo ilihitaji mlipuko. Mfinyanzi unagoma bila kusaidiwa na yeyote, kwa hiyo taji ni lake.

Wanaouweza ni shabu, na mbegu za mlonge zilizotwangwa, ambazo wanawake wa Sudan wamezitumia kusafishia maji ya Nile. Vyote viwili huachia majini vitu vyenye chaji chanya: vinazikusanya chembe hizo kuwa mabonge, na mabonge yanazama. Lakini maji yakishang'aa usiyaamini kwa macho, maana vijidudu vinaweza kubaki. Yachemshe ndipo unywe.