Shangazi Mwiko Anajibu: Wali wa Wahispania

Shangazi Mwiko, shikamoo. Mimi ni mpishi wa kambi ya mahema, ukingoni mwa kreta. Jumamosi wanakuja Wahispania wanane na bosi ameshawaahidi wali wa kwao, paela. Nimejaribu mara mbili: chini unaungua, juu una kiini. Na zafarani niliyouziwa siielewi.
— Mwenye Baridi, Ngorongoro

Marahaba, mwanangu. Umefika kwa mwenyewe. Wali ukipikwa Rhotia, mimi niko Karatu mjini naunusa, na upepo ukiwa mzuri nakwambia kama mpishi kagombana na mumewe. Mwiko wangu ni wa mninga, urithi wa bibi. Umesonga ugali wa misiba, umegeuza pilau za harusi, na umewahi kumtoa wifi jikoni bila kumgusa. Ndoa zangu mbili zimevunjika. Mwiko hauna hata ufa.

Uliuliza nini vile? Ndiyo, kiini.

Hapo ulipo ni mita 2,300 hivi juu ya bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 92, si 100 kama ya Tanga. Yanatokota, yanajitapa, moto wenyewe hayana, kama mume wangu wa kwanza. Usiyaamini mapovu. Ongeza supu ya kuku, tena ya moto, na umpe mchele muda mrefu kuliko ule wa mjini. Ikishindikana, shuka Karatu ukapike huko, upande na karai limefungwa blanketi. Getini Lodoare wakiuliza, sema ni mgonjwa.

Zafarani: tia nyuzi mbili kwenye maji ya uvuguvugu. Maji yakiwa mekundu papo hapo na uzi ukabaki mweupe, umeuziwa uzi wa rangi. Mrudishie muuzaji amalizie kushona. Ya kweli hutoa unjano taratibu, na uzi hubaki na wekundu wake. Ghali? Lazima. Ua moja lina nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na kilo moja inakula maua kama laki moja na nusu. Kwa hiyo usiimwage kama manjano. Kiasi cha kushika kwa vidole viwili kinatosha, loweka robo saa. Na jina lisikutishe: Mhispania anaiita azafrán, sisi zafarani, wote tumekopa kwa Mwarabu. Hata mchele wanauita arroz, mkopo wa dirisha lilelile. Hao wageni ni binamu zako, hawajaambiwa tu.

Sasa nifike panapouma. Kaanga kuku kwenye karai pana, tia vitunguu vya Mang'ola na nyanya, mimina supu na zafarani yako, chumvi, kisha tandaza mchele wa Mto wa Mbu, usizidi kina cha kidole kimoja. Halafu usikoroge. Nimesema. Mimi, Shangazi Mwiko, nakuambia weka mwiko chini! Kule Valencia, paela ilikozaliwa, kuugusa wali ukishatandazwa ni mwiko. Mwiko ni mwiko. Lugha yangu mwenyewe imenisaliti. Mkono ukikuwasha, ufunge kwa khanga umkabidhi mlinzi wa zamu ile ncha.

Sababu ni ukoko. Wahispania wanauita socarrat na wanaugombania kama watoto wa Karatu. Mama alinionya kwamba mla ukoko hunyeshewa mvua siku ya harusi. Nilikula. Ilinyesha zote mbili.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Moto mdogo mwishoni. Ukisikia chini kunalia chrrr, epua kabla moshi haujaanza, funika kitambaa kibichi dakika kumi ili kile kiini kimalizwe na mvuke.

Na ule ukoko wa pembeni, nifungie kwenye jani la mgomba, umpe dereva wa gari la kwanza linaloshuka.